Jani la Chai Huua Seli za Saratani: Ni Kweli, Lakini Wapi?

Soko la Chepilat limekaa mpakani mwa Bomet na Nyamira, na pande zote mbili za mpaka huo chai ndiyo ada ya shule, ndiyo bonasi inayongojwa mwaka mzima, na ndiyo kitu cha kwanza anachokaribishwa mgeni akishaketi. Kwa hiyo habari kwamba jani hilohilo lina kemikali zinazoua seli za saratani hupokewa hapa kwa furaha ya pekee. Hufika kwa ujumbe wa simu, hufika ikiwa imechapishwa kwenye pakiti za unga wa majani, na hufika kwa kipaza sauti cha muuzaji dawa sokoni. Habari hiyo si uongo. Maabara nyingi duniani zimeona seli za saratani zikifa baada ya kuwekewa dondoo la chai, la kitunguu au la soya. Lakini kutoka seli iliyokufa ndani ya sahani ya maabara mpaka mgonjwa aliyepona ni safari ndefu, na watu wengi huuziwa mwanzo wa safari hiyo kwa bei ya mwisho wake. Nataka msomaji awe na uwezo wa kuipima safari hiyo mwenyewe, ili aamue vizuri anywe nini, anunue nini, na aende hospitali lini.

Tuanze na kemikali zenyewe. Flavonoidi ni familia ya maelfu ya kemikali ambazo mimea hujitengenezea ili kujikinga na jua kali, wadudu na ukungu, na ili kuyapa maua na matunda yake rangi. Kitunguu chekundu kina kwasetini kwa wingi, soya ina genisteini, na jani changa la chai lina katekini, na iliyo maarufu kuliko zote hujulikana kwa herufi EGCG. Katika majani mawili na kichipukizi anachochuma mkulima, kemikali za jamii hii huweza kufikia robo ya uzito wa jani likishakauka. Chai ya zambarau, ile aina ya TRFK 306 ambayo kituo cha utafiti wa chai cha Kericho kiliitoa kwa wakulima mwaka 2011, ina anthosiyanini pia, nazo ni flavonoidi zinazolipa jani rangi yake. Kiwandani mambo hubadilika. Jani la chai ya kawaida likinyaushwa, likasagwa na mashine za CTC na kuachwa lipigwe na hewa, katekini zake nyingi hugeuka kuwa theaflavini na thearubigini, zinazoleta wekundu na ukali tunaoujua kikombeni. Chai ya kijani hupitishwa kwenye joto mapema ili mageuzi hayo yasitokee. Basi mtu akisoma utafiti uliofanywa kwa EGCG ya chai ya kijani, ajue kwamba chai nyeusi tunayochemsha nyumbani ina sehemu ndogo tu ya kemikali hiyo.

Seli nazo hazifi kwa njia moja. Seli ikiungua au ikipondwa hupasuka na kumwaga yaliyomo ndani yake, na mahali pale pakavimba na kuuma. Kuna kifo kingine cha utaratibu, ambacho John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa jina la apoptosisi mwaka 1972. Katika kifo hiki seli husinyaa, hujibandua na jirani zake, hukatakata vinasaba vyake yenyewe, kisha humeguka vipande vidogo ambavyo seli nyingine huvimeza bila kuacha uvimbe wala kidonda. Mwili wenye afya huondoa mabilioni ya seli zake kwa njia hii kila siku. Vinasaba vya seli vikiharibika kupita kiasi, protini iitwayo p53 huweza kutoa amri: protini za jamii ya Bax hutoboa ukuta wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, protini iitwayo sitokromu c huvuja, nayo huamsha vimeng'enya viitwavyo kaspesi, ambavyo hukata protini za seli moja baada ya nyingine mpaka seli iishe. Protini nyingine, Bcl-2, kazi yake ni kuzuia utoboaji huo. Seli ya saratani ni seli iliyogoma kufa: mara nyingi p53 yake imeharibika, au imejijazia Bcl-2, ikaendelea kugawanyika wakati ilipaswa kuondoka. Hapo ndipo flavonoidi zinapowavutia wanasayansi. EGCG, kwasetini, apijenini na nyingine zimeonekana maabara zikishusha Bcl-2, zikipandisha Bax, zikizalisha oksijeni kali ndani ya seli na kuamsha kaspesi. Kwa maneno mengine, hurudisha amri ambayo seli ile ilikuwa imeikataa. Ni ugunduzi mzuri, na anayeudharau hajausoma.

Sasa tulitazame jaribio lenyewe kwa karibu. Mtafiti huchukua sahani ya plastiki inayoenea kiganjani, yenye visima vidogo 96. Katika kila kisima huweka maelfu ya seli za saratani ndani ya maji ya rangi ya waridi yenye sukari na virutubisho. Seli zikishashika, huongeza dondoo la jani kwa vipimo mbalimbali, kisima hiki kidogo, kile zaidi, na vingine huviacha bila dondoo ili awe na cha kulinganishia. Baada ya saa 24 au 48 hutia kemikali ya manjano iitwayo MTT. Seli zilizo hai huigeuza kuwa ya zambarau, zilizokufa huiacha njano ilivyo. Mashine husoma rangi, na hapo mtafiti hujua ni kipimo gani kilichoua nusu ya seli. Jaribio hili ni la haki na lina kazi yake, lakini angalia kisichokuwemo: hakuna tumbo, hakuna ini, hakuna figo zinazochuja, hakuna damu inayozunguka. Seli zimelowekwa ndani ya dondoo mchana kutwa na usiku kucha. Tena watafiti wenyewe waligundua kwamba EGCG ikikaa ndani ya maji yale ya maabara huharibika haraka kwa hewa na kuzalisha haidrojeni peroksaidi, ileile dawa ya kusafishia vidonda. Kwa hiyo sehemu ya seli zilizodhaniwa kuuawa na chai iliuawa na peroksaidi iliyozaliwa humohumo kisimani, katika mazingira ambayo hayapo mwilini.

Halafu kuna kipimo, na hapa ndipo hoja yote inaposimama. Majaribio mengi ya EGCG hutumia kati ya maikromoli 20 na 100 kwa kila lita. Mtu akinywa vikombe viwili au vitatu vya chai ya kijani, kiasi kinachopatikana katika damu yake kwa kawaida hakifiki hata maikromoli moja kwa lita, na baada ya saa chache kimeshashuka. Kijiko cha chumvi kinachokoza kikombe cha mchuzi hakikozi pipa la maji, ingawa chumvi ni ileile. Sababu ni kwamba utumbo hufyonza sehemu ndogo tu ya katekini, na hicho kidogo kinachopita hukutana na ini, ambalo huzifunga kemikali hizi kwa viambato vingine ili zitolewe kwenye mkojo na nyongo. Nyingine huvunjwavunjwa na bakteria wa utumbo mpana. Mwili huichukulia flavonoidi kama mgeni wa kusindikizwa nje, na humsindikiza upesi. Kuongeza vikombe hakuzibi pengo hilo, kwa kuwa tofauti ni ya mara ishirini mpaka mia, na hakuna tumbo linalobeba chai ya kiasi hicho.

Msomaji makini atapinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema: damu si hoja kwa saratani ya umio, kwa sababu chai hupita palepale kwenye umio kabla haijafika tumboni, ikiwa na nguvu zake zote. Ni kweli kwamba umio huguswa na chai moja kwa moja. Lakini mguso huo ni wa sekunde chache kwa kila funda, si wa saa 48. La pili ni kubwa zaidi. Kama kupita kwa chai kungetosha kuua seli za saratani, basi wanywaji chai wa Bomet na Kericho wangekuwa miongoni mwa watu waliokingwa zaidi na saratani ya umio duniani. Mambo ni kinyume. Ukanda wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, una saratani hii kwa wingi wa kushangaza, na magharibi ya Kenya imo ndani yake. Hospitali ya Tenwek huko Bomet, iliyoanza mwaka 1937, imepokea wagonjwa wa saratani hii kwa miongo mingi, na madaktari wake wameandika kuhusu vijana wa chini ya miaka 30 wenye ugonjwa ambao kwingineko huwapata wazee. Hii haimaanishi kwamba jani la chai ndilo lililowaletea ugonjwa. Inamaanisha kwamba jani halikuweza kuwazuia usiwapate, na kwamba kuna jambo jingine ndani ya kikombe linalostahili kuangaliwa.

Jambo hilo ni moto. Mwaka 2016 IARC, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, liliviweka vinywaji vya moto sana, vilivyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani ya umio, na likaeleza kwamba tatizo linaonekana kuwa joto lenyewe na si aina ya kinywaji. Katika mkoa wa Golestan nchini Iran, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 50,000, na waliokunywa mililita 700 au zaidi za chai kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari kubwa kwa takriban asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na isiyo moto hivyo. Huku kwetu, utafiti uitwao ESCCAPE uliolinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa katika Eldoret, Kilimanjaro na Malawi ulikuta mwelekeo uleule: kadiri mtu alivyozoea kunywa vya moto zaidi, ndivyo alivyoonekana zaidi miongoni mwa wagonjwa. Kilimanjaro, watu walipopimiwa vikombe vyao, walianza kunywa chai ikiwa na takriban nyuzi 70. Ngozi laini ya umio ikiunguzwa kila siku hulazimika kujitengeneza upya kila siku, na seli zinazogawanyika mara kwa mara hupata nafasi nyingi za kukosea vinasaba. Moto si sababu peke yake. Pombe za kienyeji na za dukani, tumbaku na moshi wa jiko la kuni vimo katika hesabu, na mursik, maziwa yetu ya mgando, nayo imepimwa ikakutwa na asetaldihaidi, kemikali inayohusishwa na saratani. Lakini moto wa chai ndio unaoweza kupunguzwa leo jioni bila kutoa hata shilingi.

Basi ushauri wa kwanza ni huu: iache chai ipoe. Kwenye miinuko yetu maji huchemka kwa takriban nyuzi 94, na chai yetu ya maziwa huchemshwa pamoja na maziwa yake sufuriani, kwa hiyo maziwa hayaipozi kama yanavyofanya kwa Mwingereza anayeyatia baridi kikombeni mwishoni. Ikitoka sufuriani ikaingia kwenye chupa ya chai, hubaki ya kuunguza kwa saa nyingi, na mchumaji aliyeibeba shambani huinywa saa nne ikiwa na moto wake. Mimina kikombeni, kiache wazi, ungoje dakika tano mpaka kumi. Tumia kikombe chenye mdomo mpana, au bakuli. Kama huna muda wa kungoja, acha nafasi kidogo ujazie maziwa baridi yaliyokwisha kuchemshwa. Kipimo kisichohitaji chombo ni hiki: kama funda la kwanza unalivuta pamoja na hewa ili lisikuunguze, chai hiyo bado haijawa ya kunywewa. Mtoto apewe ya vuguvugu, kwa kuwa mazoea ya moto hujengwa utotoni. Na mgeni akiletewa chai iliyopoa kidogo asidhani amedharauliwa, na mwenyeji asione aibu kuitoa.

Pingamizi la pili hutoka kwa muuzaji: kama kikombe hakitoshi, tunywe vidonge na unga uliokolezwa. Hapa msomaji awe macho zaidi, kwa sababu vidonge vyenye kipimo kikubwa huweza kulitesa ini. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, ilipitia ushahidi ikasema kwamba vidonge vya dondoo la chai ya kijani vyenye miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku huhusishwa na dalili za kuumia kwa ini, jambo ambalo chai ya kawaida ya kunywa haikuonyesha. Kuna hatari nyingine isiyotajwa sokoni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walionyesha, kwa seli na kwa panya, kwamba EGCG hushikana na bortezomibu, dawa ya saratani ya uboho wa mifupa, na kuizuia isifanye kazi. Yaani kemikali inayosifiwa kwa kuua seli za saratani iliilinda saratani isiuawe na dawa. Kwa hiyo mgonjwa aliye kwenye matibabu asinywe dondoo lolote, la chai, la mwarobaini au la mti mwingine, kabla ya kumwambia daktari, na amwambie bila kuficha. Daktari mwema hatamfokea, atataka kujua tu. Na kwa mtu mzima asiyeumwa, chai ya zambarau au ya kijani ni kinywaji kizuri kama anaipenda na ina bei yake halali. Asilipe ziada kwa ajili ya ahadi ya tiba.

Wa tatu atauliza: je, dawa nyingi za saratani hazikutoka kwenye mimea? Zilitoka, na hoja hiyo inanifurahisha, kwa kuwa historia yake inafundisha. Vinkristini ilitoka kwenye ua la Madagaska, lile la waridi na jeupe linalopandwa bustanini, na leo ni moja ya dawa zinazotibu limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Lakini hakuna mtoto anayeponywa kwa kuchemshiwa ua hilo. Kemikali ilitengwa, ikasafishwa, ikapimwa kwa miligramu, na hutiwa kwenye mshipa chini ya uangalizi, maana ikizidi kidogo huua. Paklitakseli ilitoka kwenye ganda la mti wa Marekani lililokusanywa mwaka 1962, na ilichukua miaka 30 mpaka ikaidhinishwa mwaka 1992. Hata katekini za chai zimepata nafasi yake: mwaka 2006 Marekani iliidhinisha mafuta ya kupaka yenye dondoo la chai ya kijani kwa ajili ya vigwaru vya sehemu za siri. Tazama kilichowezesha hilo. Mafuta hupakwa juu ya vigwaru vyenyewe, yakakaa hapo, kwa kipimo kikubwa ambacho damu isingefikia kamwe. Mfano huu unathibitisha hoja yangu: jani lina nguvu, lakini nguvu yake hutegemea imefika wapi, kwa kiasi gani, na imekaa kwa muda gani.

Wa nne hana haja na maabara. Anasema fulani alikunywa akapona, na yeye amemwona. Ushuhuda wa aina hii haupaswi kudharauliwa, lakini unapaswa kuulizwa maswali. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Shuhuda zilijaa redioni na magazetini. Wapo waliotoka vitanda vya hospitali kwenda huko, na wapo waliofia foleni. Shuhuda zile zilikosa kitu kimoja: hakuna aliyekuwa amewahesabu walioingia ili baadaye awahesabu waliobaki hai. Aliyepata nafuu husimulia, aliyekufa hasimulii. Tena je, aliyepona alikuwa amepimwa kwa kipande cha nyama na kuthibitishwa kwamba ni saratani? Je, alikuwa akitumia dawa za hospitali pia? Tulipotaka jibu la chai kwa njia ya kuhesabu, tulilipata: mwaka 2020 jopo la Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, lilikusanya tafiti 142 kuhusu chai ya kijani na saratani, zenye watu zaidi ya milioni moja, na matokeo yalipingana kiasi kwamba halikuweza kusema kuwa chai hiyo huzuia saratani. Kama ingekuwa na kinga kubwa, isingejificha katika umati wa watu kama huo.

Pingamizi la mwisho ndilo linalouma, na wanaolitoa wana sababu. Hospitali ni ghali, iko mbali, na wengi tuliowapeleka tumewazika. Kwa nini tusijaribu jani? Nisingethubutu kumjibu mtu huyu kwa wepesi. Saratani ya umio hufisha wengi kwa sababu wengi hufika umio ukiwa umeshaziba, na wakati huo kazi kubwa ya daktari huwa kuweka mrija wa waya ili mgonjwa aweze kumeza tena, jambo ambalo Tenwek imewafanyia watu wengi na ambalo lenyewe ni rehema kubwa. Lakini ugonjwa huu hauanzi ukiwa umeziba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, timu ya Tenwek iliwachunguza kwa kamera watu wazima 305 wasio na dalili yoyote. Ndani ya umio walipaka maji ya ayodini: ngozi yenye afya hugeuka ya kahawia, na penye kasoro hubaki peupe, daktari akapaona. Watu takriban 14 katika kila 100 walikuwa na mabadiliko ya seli yanayoweza kuja kuwa saratani. Mabadiliko kama hayo, yakiwa makubwa lakini bado yako juujuu, huweza kuondolewa kwa kamera hiyohiyo bila kupasua kifua. Maana yake ni kwamba miezi anayoitumia mtu kujaribu unga wa majani huenda ndiyo miezi ileile ambayo angeweza kutibiwa. Unga haumdhuru kwa sumu tu. Unamdhuru kwa kumlia muda wake.

Kwa hiyo ushauri wa pili ni kuzijua dalili na kutozifanyia subira. Ugali au nyama ikianza kukwama kifuani, ukawa unaisukuma kwa maji, chakula kikirudi, uzito ukishuka bila sababu, sauti ikikwaruza, kifua kikiuma wakati wa kumeza: dalili moja katika hizo ikidumu wiki mbili, nenda hospitali ya Kaplong, Longisa, Kapkatet au Kisii, popote palipo karibu nawe, ueleze waziwazi na uombe rufaa ya kupigwa kamera. Usingoje mpaka uji nao ukwame. Mwenye ndugu aliyeugua saratani ya umio aende mapema zaidi. Jisajili na SHA, bima ya afya ya serikali, ungali mzima na uulize matibabu ya saratani yanalipiwa kiasi gani, kwa kuwa usajili wa haraka mtu akiwa machela ni mzigo juu ya mzigo. Kina mama wapimwe mlango wa kizazi, na binti wa miaka kumi apate chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango huo, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019. Hiyo ni kinga ya saratani iliyopimwa kwa watu, si kwa visima vya plastiki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ugonjwa huu wa umio maneno hayo hayana chumvi.

Je, flavonoidi hazina faida mezani? Zinayo nafasi yake, na nafasi hiyo ni chakula. Managu, sagaa, kunde, kitunguu na matunda huja na flavonoidi, na huja pia na nyuzinyuzi, vitamini na madini, kwa bei ya sokoni Chepilat au bila bei kabisa kwa aliye na kishamba nyuma ya nyumba. Mlo wenye mboga na matunda kwa wingi ni shauri jema kwa moyo, kwa sukari na kwa uzito, na hauhitaji kupewa jina la dawa ili uwe na thamani. Chai nayo inyweni kwa raha, ila mjamzito na mwenye upungufu wa damu wainywe saa moja hivi mbali na chakula, kwa sababu kemikali zake hushikana na madini ya chuma ya mboga na kuyazuia yasifyonzwe.

Nawaachia maswali matatu ya kumuuliza yeyote anayewaletea habari ya mmea unaoua saratani. Kiliuawa nini: seli kisimani, uvimbe wa panya, au ugonjwa wa mtu? Kilitumika kiasi gani, na je, kiasi hicho hufika penye ugonjwa mtu akinywa au akila? Walihesabiwa wangapi, pamoja na waliokufa, na walilinganishwa na nani? Muuzaji akishindwa hata swali moja, weka fedha yako mfukoni, itakuwa nauli ya hospitali. Anayelima chai ana kila haki ya kujivunia jani lake. Halihitaji kusingiziwa muujiza ili liheshimiwe, na mnywaji wake anastahili kulinywa akiwa na umio mzima.